Ushuru wa Msibani

Mjomba Mtulia alifariki usiku wa kuamkia tarehe thelathini Septemba, na Fauzia, aliyempenda mzee yule kuliko wajomba wote, alijikuta akiwaza, Mungu amsamehe, kwamba angeweza kungoja mpaka tarehe moja.

Maana tarehe thelathini ndiyo mkataba wake ulikuwa unakwisha. Mkataba wenyewe wa miezi mitatu, kwa wakala aliyechukua tenda ya kukusanya ushuru wa mazao kwenye geti la Somanga, pale barabara ya vumbi inapotoka mashambani na kuingia lami. Tunaliita geti kwa heshima tu. Lilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye miti miwili na kuning'inizwa vitambaa vyekundu ili wenye pikipiki wasikatwe shingo. Fauzia alikuwa na shahada ya takwimu, daraja la pili la juu, na kazi yake ilikuwa kuilegeza kamba mzigo ukilipiwa na kuikaza usipolipiwa.

Anayetaka kucheka na acheke, ila ajue kwamba kabla ya kamba hiyo binti alikaa nyumbani miaka mitatu. Aliitwa usaili mara nne. Mara ya mwisho walifika watu elfu sita kugombea nafasi thelathini, ukumbi ukawa mdogo, wakahamishiwa uwanja wa mpira. Fauzia alifanya mtihani ameketi kwenye nyasi ndani ya boksi la penalti, karatasi juu ya goti, jua juu ya utosi. Alirudi nyumbani amebabuka pua, na jibu hajaletewa hadi leo.

Basi alipopata kamba, aliishika. Shida ni kwamba aliishika wakati mbaya. Julai mosi ushuru wa gunia ulipanda kutoka shilingi elfu mbili hadi elfu tatu na mia tano. Waliopandisha walikuwa mbali, wana viyoyozi na walinzi. Fauzia alikuwa karibu, ana mwavuli. Matusi yote ya wakulima yakamwangukia yeye. Kila asubuhi alijibu kwa sauti ile ile moja, isiyopanda wala kushuka, "Samahani mteja, mfumo hauruhusu," hadi jioni akawa anaisikia inasema yenyewe kichwani.

Na bado lengo halikufikiwa. Wakala alitaka kila geti lilete milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na asiyefikisha mwezi wa mwisho wa mkataba haongezewi. Ufuta ulikuwa umekwisha tangu Julai, korosho zilikuwa bado mitini. Asubuhi ya tarehe thelathini Fauzia alikuwa na milioni moja na elfu sitini na tatu. Pungufu, laki moja na elfu thelathini na saba. Siku moja imebaki, na siku hiyo ana maiti.

Alikwenda kuomba ruhusa kwa Frank, msimamizi wao, kijana wa Njombe mwenye shahada ya ugavi na kitambi kilichomwahi kabla ya umri. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupanga kando ya lami, kati ya fundi pancha na muuza chipsi.

"Pole sana, dada," Frank alisema. "Nenda ukazike. Lakini saa kumi kamili uwe hapa na posi yako. Leo tunafunga mwezi, na majina ya watakaoendelea yanakwenda jioni hii hii."

"Naweza kuiacha hapa kwako?"

"Umesaini wewe. Ikipotea nikiwa nayo, utasema ilipotea nikiwa nayo."

"Si ndiyo itakuwa kweli?"

"Ndiyo maana siitaki."

Fauzia akaifunga ile mashine ya risiti ndani ya kitambaa, akaitia kwenye mkoba, akaenda msibani. Huko akauacha mkoba chumbani na mikoba ya wanawake wengine, akaingia jikoni kumenya vitunguu. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu aliyechoka, kwa sababu mwenyeji yeyote wa pwani hii angekumbuka kwamba msibani kuna watani.

Mtani mkuu wa ukoo wao alikuwa Bi Hafsa, Mngindo, mwembamba, mwenye miaka zaidi ya sabini na meno machache aliyoyatumia vizuri. Wangindo na watu wa kwao Fauzia wametaniana tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lisilofanyika. Anachukua kitu chako, anakutukana, anazuia njia mpaka apewe chochote. Wewe mfiwa kazi yako ni moja, usinune. Ukinuna umeongeza faini. Asubuhi hiyo Bi Hafsa alikuwa amekwisha kuvaa koti la marehemu na kupita uani akichechemea kama yeye, akigomba kwamba kahawa yake imechelewa na kwamba kufa si sababu ya kunyimwa kahawa, hadi mjane mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka.

Baada ya swala ya adhuhuri wanaume walibeba jeneza wakaenda kuzika. Waliporudi, ubwabwa ulikuwa tayari, na Fauzia, aliyekuwa akipakua, akasikia vicheko kwenye mlango wa ua. Havikuwa vicheko vya kawaida. Vilikuwa vinakuja kwa zamu, mtu baada ya mtu. Akafuta mikono, akaenda kuona.

Kanga mbili zilikuwa zimesokotwa na kufungwa kukingama njia. Bi Hafsa ameketi kwenye kigoda, koti la marehemu begani, sahani ya bati mapajani. Pembeni yake amesimama mjukuu wake Iddi, dereva wa bodaboda, kashika kitu cheusi. Fauzia alidhani ni kipande cha sabuni, kama watani wanavyofanya, mpaka alipoona taa ya kijani.

"Simama hapo," Bi Hafsa alikuwa anamwambia mzee mmoja aliyetoka makaburini. "Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, mtani. Natoka kuzika."

"Umebeba njaa. Njaa gunia moja. Iddi, mwandikie bwana mkubwa."

Karatasi ikatoka, krr. Mzee akatupa sarafu mbili kwenye sahani, akachukua risiti, akapita chini ya kanga akicheka.

"Na wewe shemeji, hilo tumbo ni mazao au ni mifugo? Mazao? Gunia moja. Lakini unaonekana una mawili."

Krr.

"Mtani, hii risiti naweza kuja nayo msimu wa korosho, nisilipe tena?" aliuliza mwingine.

Bi Hafsa akakunja uso, akalegeza mabega, akatoa sauti isiyopanda wala kushuka. "Samahani mteja, mfumo hauruhusu."

Ua mzima ukaanguka kicheko. Ilikuwa sauti ya Fauzia hasa, na hakuna aliyekuwepo ambaye hajawahi kuambiwa maneno hayo.

"Mwenye geti kaja," Bi Hafsa alisema alipomwona. "Njoo, mjukuu wangu, usione haya. Sisi tulidhani kufunga kamba ni kitu cha kusomea chuo kikuu miaka mitatu. Mbona mimi nimejua leo leo? Au mimi ndiyo profesa wenu?"

Fauzia akatabasamu kwa midomo, kama inavyotakiwa, akamfuata Iddi.

"Nipe."

"Mtani, hasira?"

"Sina hasira. Nipe hiyo mashine."

"Tulia. Niko kwenye ukurasa wa majaribio, haiingii popote. Hii posi nimeshika mwaka mzima, naijua kuliko unavyomjua mchumba wako."

Hilo la kuishika mwaka mzima lilikuwa kweli. Kabla ya Fauzia, geti lilikuwa la Iddi. Ana stashahada ya kompyuta kutoka Mtwara, na Juni hii hakuongezewa mkataba. Kamba akapewa Fauzia, yeye akakodi pikipiki. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Akipita getini na abiria alikuwa anapiga honi na kucheka, na Fauzia hakuwahi kujua anacheka nini.

Kabla hajajibu, mtu alimgusa kiwiko. Alikuwa Mzee Abizer, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na vyakula, ambaye babu yake alifungua duka Kilwa kabla ya lami kufikiriwa. Alikuwa ameleta gunia la mchele la msiba, na getini kwa Bi Hafsa ameandikiwa kama wengine. Sasa amevaa miwani na ameishika risiti kama mtu aliyeshika kipimo cha hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hii si ya kuchezea."

"Wamesema iko kwenye majaribio."

"Mimi risiti naijua sura kuliko sura za watoto wangu. Tazama. Namba ya malipo hii hapa, saa hii hapa, jina lako hili hapa. Hii imefika mbali kabla mimi sijafika kwenye ubwabwa."

Fauzia akamnyang'anya Iddi mashine, bila kutabasamu safari hii. Akabonyeza alipopaswa kubonyeza. Kioo kikamwonyesha risiti arobaini na tatu za ufuta, gunia moja moja, zote kati ya saa saba na nusu na saa nane na robo. Shilingi laki moja, elfu hamsini na mia tano.

"Ukurasa wa majaribio waliutoa Julai," alisema polepole. "Walipoweka viwango vipya. Pale pale ulipokuwa, ndipo pa risiti halisi."

Iddi alikitazama kioo. Kicheko kilimtoka usoni kidogokidogo, kama maji yanavyokauka mchangani.

Wakaenda nyuma ya jiko, kwenye moshi, ambako hakuna mtu angewasikia. Saa ilikuwa nane na nusu. Kila risiti iliyotoka kwenye mashine ilihesabiwa kuwa fedha aliyopokea Fauzia, na kufikia saa kumi fedha hiyo ilitakiwa iwe imelipwa.

"Nitamwambia Frank ukweli," alisema. "Azifute."

"Usifute."

"Ni arobaini na tatu, Iddi. Sina laki na nusu."

"Mimi nilifuta mbili." Iddi alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Mama mmoja wa Pande niliyemtoza mara mbili kwa makosa. Nikaandika barua, nikaeleza, nikasaini. Wakanijibu asante kwa uaminifu. Mwezi uliofuata jina langu halikuwemo. Risiti ikifutwa, wao hawaoni kosa, wanaona mwizi. Wewe ufute arobaini na tatu, siku ya mwisho?"

Fauzia akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Moshi ulikuwa unamwingia machoni na hakujisumbua kusogea.

"Ulifanya makusudi?" aliuliza.

"Ningetaka ufukuzwe ningekwenda kwa Frank nikamwambia umeiacha mashine kwenye mikoba ya akina mama."

"Basi kwa nini?"

Iddi akafuta mchoro wake kwa unyayo. "Bibi ndiye aliyeitoa, alikuwa anatafuta tumbaku. Mimi nilitaka kuishika tu. Tangu Juni naitwa boda. Boda njoo, boda subiri, boda chenji yangu. Leo watu wamepanga foleni, mmoja kaniita ofisa. Nikajisahau."

Fauzia aliijua hali hiyo. Naye siku ya kwanza alipoitwa ofisa na dereva wa fuso alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Iddi akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu ishirini, hesabu ya siku hiyo ya kumpelekea mwenye pikipiki, akamwekea mkononi bila maelezo. Ikabaki laki na elfu thelathini na kitu. Na pale mlangoni kulikuwa na sahani.

Sasa, sahani ya watani haiombwi. Kilichoingia humo ni haki yao, watanunulia sukari na tumbaku, na mfiwa anayekwenda kuomba arudishiwe atasimuliwa Kilwa nzima mpaka wajukuu. Kuna njia moja tu ya kumtoa mtani kitu mkononi, nayo ni utani. Fauzia alikuwa hajamtania mtu tangu aanze kushika kamba. Alijaribu kutafuta ndani yake kitu cha kuchekesha, akakuta uchovu mtupu. Akaamua kwenda na huo huo.

Bi Hafsa alikuwa amekwisha kula na anajikusanya kuondoka, sahani kwapani. Fauzia akazichukua zile kanga, akazifunga upya upande wa pili wa mlango, njia ya kutokea, akasimama kando yake na mashine mkononi.

"Simama hapo, mteja. Umebeba nini?"

Bi Hafsa akasimama. Watu wakageuka.

"Sahani," alisema.

"Inatoka wapi kwenda wapi?"

"Inatoka kwa wafiwa, inakwenda kwangu."

"Mzigo unaovuka mpaka lazima ulipiwe. Kibali unacho?"

"Kibali ninacho cha babu yako, aliyetukimbia vitani akaacha viatu."

"Viatu vililipiwa?"

Watu wakaanza kucheka. Fauzia hakucheka. Hakuwa anaigiza, ndivyo alivyokuwa anasema miezi mitatu yote, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya watu waliobeba jasho lao kichwani. Bi Hafsa akajibu, na Fauzia akarudisha kwa sauti ile ile iliyonyooka, na kadiri alivyozidi kutocheka ndivyo ua ulivyozidi kushika mbavu.

"Basi nipunguzie," Bi Hafsa alisema. "Mimi mzee. Sina meno."

"Samahani mteja, mfumo hauruhusu."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini Bi Hafsa hakuwemo. Alikuwa anaitazama mikono ya binti, iliyoikamata mashine kuliko utani unavyohitaji. Akamtazama Iddi, aliyekuwa anatazama chini. Watani wa kazi hawahitaji kuelezwa mambo marefu. Akaitoa sahani kwapani, akaiweka juu ya mikono ya Fauzia.

"Chukua, serikali. Ila na mimi nataka risiti."

"Risiti umekwisha kukata arobaini na tatu, bibi."

Sahani ilikuwa na elfu hamsini na sita. Mzee Abizer, aliyekuwa amesimama karibu muda wote, akatoa pochi na kuhesabu elfu tatu na mia tano kamili. "Nimeandikiwa gunia moja, nalipa gunia moja. Zaidi ya risiti sijawahi kulipa, sitaanzia msibani." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa rambirambi.

Zikabaki elfu sabini na moja. Fauzia alikuwa nazo, kwenye simu, na hilo ndilo lililomuuma. Ilikuwa nauli ya Dodoma. Alikuwa ameitwa usaili wa tano, tarehe kumi na nne Oktoba, nafasi ishirini za watakwimu, na safari hii tangazo lilisema utafanyikia ukumbini. Alisimama kivulini mwa ukuta akiutazama ujumbe wa salio. Upande mmoja, kazi ya kamba aliyokuwa nayo. Upande wa pili, nafasi ishirini na watu asiowajua idadi, ingawa yeye ndiye mwenye shahada ya kujua idadi. Mjomba Mtulia ndiye aliyempa elfu thelathini katika hizo, wiki mbili kabla, akimwambia asimwambie mama yake.

Akalipa. Zile taslimu alizitia kwenye simu kwa muuza salio wa jirani, zikatumwa pamoja; makato ya kutuma yakachukua yao, na ndani ya makato kulikuwa na kodi, na Fauzia akaisoma mistari yote hiyo mpaka mwisho kwa sababu ya mazoea.

Iddi alimpakia hadi barabarani. Saa kumi kasoro dakika nane walikuwa mlangoni kwa Frank. Iddi akabaki nje na pikipiki.

Frank akachomeka mashine, akasubiri, akasoma. "Milioni moja, laki mbili, elfu kumi na tatu na mia tano." Akamwangalia Fauzia, akarudi kwenye kioo. "Gunia arobaini na tatu. Saa nane mchana. Za nini hizi?"

"Zimeandikwa ufuta."

"Ufuta? Mwezi wa tisa?"

"Ndivyo zilivyoandikwa."

"Na wewe ulikuwa unazika."

"Ndiyo."

Feni ndogo juu ya meza ilikuwa inageuza shingo huku na huku. Frank alikuwa na orodha ya mageti sita mbele yake, na Fauzia aliweza kuisoma juu chini. Matano yalikuwa na alama ya kosa. Hata mtu asiyesomea takwimu angejua msimamizi wa mageti sita mabovu anaandikiwa nini. Frank alipapasa kalamu muda mrefu. Pembeni ya orodha kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye vyeti vyake, imekunjika kona kwa kutembea.

"Fedha imelipwa?"

"Yote."

"Basi pole na msiba," alisema, akaweka tiki.

Akamsogezea mkataba mpya. Miezi mitatu. Fauzia akausoma kwa sababu alifundishwa kusoma, akafika kwenye lengo, akarudia.

"Milioni moja na nusu?"

"Ndiyo hivyo. Ukifikisha, wanajua kumbe unaweza. Usipofikisha, wanajua huwezi. Mimi nimewaandikia barua. Nimeacha kuwaandikia."

"Korosho zikichelewa?"

"Dada, saini au usisaini. Kuna wasifu mia mbili na kumi kwenye kabati hilo."

Fauzia akasaini. Jina lake lilitoka limepinda kidogo, mkono bado una harufu ya vitunguu.

Nje, Iddi alikuwa ameketi juu ya pikipiki, kofia ya chuma mapajani.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Lengo?"

Akamtajia. Iddi akapiga mluzi mdogo, akaangalia juu akihesabu, midomo inacheza. "Mwezi huu bila msiba ulikuwa na milioni na elfu sitini na tatu. Msiba mmoja laki na nusu na kijisenti." Akamgeukia, uso mkavu kabisa. "Mtani, itabidi tufe watatu kwa mwezi."

Fauzia alikuwa amekwisha kuipiga hesabu hiyo mezani kwa Frank, kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Wawili nukta tisa," alisema.

"Hiyo nukta tisa ni bibi," Iddi alisema. "Kesho nitamwambia ajiandae."

Ndipo kitu kikamtoka Fauzia kifuani, hakujua kama ni kicheko au ni kilio alichokuwa hajamlilia mjomba wake tangu asubuhi. Kikamtikisa mabega mpaka akashika usukani wa pikipiki asianguke. Iddi alimsubiri, akaitazama lami. Kilipokwisha akampa kofia ya chuma, na Fauzia akapanda nyuma wakarudi msibani, maana vyombo vilikuwa havijaoshwa, na kesho saa kumi na mbili asubuhi alitakiwa awe getini.